Aliyeokoka anashuhudia mbele, aliyefiwa yupo benchi la nyuma. Sisi wenye maswali kanisani tukae wapi?

SautiYaTatu (Kigoma):
Wakuu habari za usiku. Niko Kigoma mjini, upande wa Mwanga, kanisa sitalitaja na dhehebu pia sitalitaja maana mji huu mdogo, nikisema tu kwaya yetu inavaa sare rangi gani watu wameshanijua. Mi ni mwalimu wa kwaya, nimekulia kanisani toka shule ya Jumapili. Naandika nikiwa na akili timamu, sijaachwa, sidaiwi kausha damu, sina msiba wa juzi, maana najua komenti ya kwanza itakuwa "pole mkuu unapitia magumu". Sipitii magumu. Nina maswali tu na nimechoka kujifanya sina.

Ishu yenyewe ni hii. Sisi watu wa ziwa kila baada ya muda unasikia boti imepigwa na mawimbi, nyingine imepinduka, kuna wanaotoka na kuna ambao ndo basi tena. Jumapili inayofuata aliyetoka anapanda mbele na sadaka ya shukrani, anasimulia alivyoliita jina la Yesu huku ameng'ang'ania dumu mpaka wavuvi wakamuona. Kanisa zima vigelegele, sisi tunapiga pambio. Sasa mi nikiwa naongoza pambio nawaona watu wote, na kuna siku jicho likaangukia kwa mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa boti hiyo hiyo. Huyo kijana alikuwa anasali kuliko mimi, na mama yake alikesha na wamama wenzake wakiomba tangu taarifa ilipofika mpaka alfajiri. Na yule mama anapiga makofi kama wengine. Swali langu liko hapo kwenye yale makofi. Kama Mungu ndiye aliyemtoa huyu majini, yule mwingine alimfanyaje?

Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa, akanijibu mawazo ya Mungu si mawazo yetu. Sawa, Isaya 55, naijua, tumeiimba. Nikauliza mara ya pili nikaambiwa nimeanza kusoma mambo ya mitandaoni, nikapigishwa magoti na kuwekewa mikono. Yaani nimeenda na swali nimerudi na pepo.

Na swali moja likishafunguka mengine yanapanga foleni. Wamisionari wa London walifika Ujiji 1878, Mapadri Weupe wakafika 1879. Bibi yake bibi yangu kule Heru Juu alizaliwa, akaolewa, akalima, akazika watoto, akafa, hakuna aliyewahi kumtajia Yesu hata kwa bahati mbaya. Yuko wapi sasa hivi? Halafu Yuda, Mathayo 27 alirudisha fedha akaenda akajinyonga na makuhani ndo wakanunua shamba, Matendo 1 shamba kanunua mwenyewe akaanguka akapasuka. Najua ni kitu kidogo, mtu haachi dini kwa sababu ya shamba la Yuda, ila mi nilifundishwa hakuna hata herufi moja inayopishana, sa aliyenifundisha hivyo ndo kanifanya nishtuke nilipoona.

Sitaki kuacha kanisa. Nataka kujua kama kuna mtu humu anasali huku ana maswali na hajifichi. Msinitumie vidio za mahubiri za masaa matatu. Nawasilisha.

Mgebuka_Choma:
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wenye Biblia zao.

MlinziWaLango:
Yakobo 1:6, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Sasa wewe wimbi unaongozaje watu kumwabudu Mungu? Achia kwaya, kaa pembeni, funga na kuomba. Roho ya udadisi imeangusha wengi, hata Hawa pale Edeni mambo yaliharibika kwa swali.

SautiYaTatu:
Mkuu, Hawa hakuuliza, aliulizwa na nyoka. Na hiyo Yakobo ungeanza mstari wa 5 tu, mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Hakemei! Mimi nimekemewa na kamati nzima.

MlinziWaLango:
Kujua maandiko hata shetani anajua. Nakuombea.

HakunaKituJuu:
Mbona jibu unalo halafu unazunguka. Waliokuwa na maboya wametoka, wasio nayo wamezama, awe mkristo awe muislamu awe asiye na dini. Ziwa halina dini. Toka huko uishi maisha yako, fungu la kumi nunulia boya.

MwaloniKibirizi:
Ngoja niseme kitu sisi tunaofanya kazi humo majini. Huyo jamaa wa boya hajakosea, boti inajazwa watu na mizigo mpaka maji yanachungulia ndani, nahodha anaambiwa upepo umebadilika anasema tutawahi, ikitokea la kutokea kanisani wanasema Mungu amewaita. Hapana bana, hapo Mungu kasingiziwa, aliyewaita ni mwenye boti. Ila tusizidishe pia, mi nishawahi kuona mwenye boya amekufa na asiye nalo katoka.

Mfano mwingine. 2024 Serikali ilifunga ziwa Tanganyika upande wetu kwa uvuvi, katikati ya mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8, samaki wazaliane. Kabla ya hapo dagaa walishakuwa wa kutafuta kwa tochi, na mahubiri yalikuwa ni kwamba dagaa wamepotea kwa sababu ya dhambi za mwaloni, ulevi, uzinzi, waganga. Sawa, dhambi mwaloni zipo, sikatai hata kidogo 😂 lakini miezi mitatu nyavu hazijagusa maji, wanafungua unakuta mzigo upo, mtu anapanda madhabahuni anashuhudia maombi ya kufunga yamerudisha dagaa. Na dhambi za mwaloni zilikuwa palepale! Mi nasali na nitaendelea kusali, ila siku hiyo nilitoka nje kunywa maji.

MamaWawili_Kasulu:
Mdogo wangu SautiYaTatu, nimesoma uzi wako wote nikaacha ugali unaungua. Mimi ni mama wa benchi la nyuma. Si wa kanisa lenu na yangu haikuwa ziwani, ilikuwa wodi ya watoto, lakini benchi ni lile lile.

Umeuliza kuhusu makofi nikujibu. Mama anapiga makofi kwa sababu mtoto wa mwenzake kweli ametoka mzima, sasa achukie? Furaha ni ya kweli. Akifika nyumbani akafunga mlango huko ndiko kuna mambo mengine na hayo hamyaoni. Kwahiyo usimuonee huruma kama vile anadanganywa, anajua anachofanya.

Mimi walionichosha ni wafariji. Mungu alimpenda zaidi. Mungu alihitaji ua kwenye bustani yake. Mungu ana makusudi. Wanasema wameshika leso, na wamepanda gari wanaondoka kwenda kwa watoto wao wazima. Nikawa nikiwaona wanakuja naingia chumbani najifanya nimelala. Aliyenisaidia alikuwa katekista wetu, mzee, alikuja akasoma Zaburi ya 88 yote akafunga kitabu. Wenye Biblia fungueni. Zaburi nyingi zinaanza na kilio zinaisha na haleluya, hiyo haina haleluya, inaisha gizani. Nikamwambia baba soma tena. Sikujua kumbe haya maneno yanaruhusiwa.

Mpaka leo nasali na mpaka leo nina kesi na Mungu haijaisha. Vyote viwili.

SautiYaTatu:
Mama asante. Nimeifungua sasa hivi. Sijui niseme nini, ila hiyo zaburi toka nimeanza kwaya sijawahi kuona mtu kaitungia wimbo.

KatekistaMstaafu (Cheyo, Tabora):
Tumsifu Yesu Kristo. Wajukuu zangu, mimi macho yameanza kuchoka kwahiyo nitajibu moja tu, la bibi wa Heru Juu, maana hilo nimeulizwa kwenye jumuiya miaka na miaka na huku kwetu Unyamwezi linauma vilevile, kila mtu ana babu aliyekufa kabla ya misheni.

Zamani watu walijibiwa vibaya, lazima tuseme ukweli, kuna waliotishwa kwamba wazee wao wote wako motoni, na mtu akatoka hapo akabatizwa kwa hofu. Lakini Kanisa Katoliki kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, hati ya Lumen Gentium ya 1964 namba 16, limefundisha wazi kwamba wale ambao bila kosa lao hawakuijua Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, hao nao wanaweza kuupata wokovu. Na halikuzushwa 1964, mtume Paulo kwenye Warumi 2 anasema watu wasio na sheria wana kazi ya sheria imeandikwa mioyoni mwao. Bibi yako alipompa mgeni maji, alipokataa kusema uongo kuhusu mke mwenza, huyo hakuwa gizani kabisa. Wenzetu wa madhehebu mengine wana mafundisho yao hapo na wengine watanipinga, wapinge tu.

Na huyo anayekuambia uachie kwaya, mwambie Mama Teresa wa Kalkuta barua zake kwa mapadri waliomlea kiroho zilitoka hadharani 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, na humo anasema kwa miaka mingi sana alikuwa akisali haoni wala hasikii kitu, giza tupu. Alikuwa ameomba zichomwe, hazikuchomwa. 2016 Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu, barua zikiwa zimeshasomwa dunia nzima. Na yule Teresia mwingine mdogo, wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misheni, kafa 1897 na kifua kikuu ana miaka 24, mwaka wake wa mwisho na zaidi alikuwa akijiona amekaa meza moja na watu wasio na imani. Wote hao hatukuwaambia waachie kwaya.

HakunaKituJuu:
Mzee heshima yako, shikamoo. Lakini mtu akisali miaka yote hiyo hasikii kitu, si ndo ushahidi kwamba hakuna wa kusikia? Nyie mnageuza kila kitu kuwa utakatifu. Akisikia, Mungu yupo. Asiposikia, Mungu anamjaribu. Hiyo mechi hamuwezi kufungwa.

KatekistaMstaafu (Cheyo, Tabora):
Marahaba mjukuu. Hapo umenibana na sitakuzungusha, ni swali la haki. Mimi siwezi kukupa hiyo kama ushahidi. Nilikuwa namjibu huyu kijana kama kuwa na giza kunamtoa kundini, nikasema hakumtoi. La kwako ni lingine na ni kubwa kuliko simu yangu.

HakunaKituJuu:
Heshima mzee. Wangekuwa wote wanajibu kama wewe labda nisingeondoka.

JiraniWaUjiji:
Assalam aleykum na bwana asifiwe kwa majirani zetu. Mimi muislamu, nimepita tu, sina nia ya mabishano ya dini, hayo yapo nyuzi nyingine tele. Nimesema nichangie maana hata kwetu kuna vijana wakiuliza wanaambiwa wamekufuru. Kwenye Qur'ani sura ya pili aya ya 260, Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amuonyeshe anavyofufua wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Na hakupigwa radi, alionyeshwa. Huyo ni Ibrahim, baba wa wote sisi na nyie. Kijana wa kwaya moyo wako ukitaka utulivu si dhambi. Nawatakia usiku mwema.

Mgebuka_Choma:
Shehe kaja kafunga goli katoka uwanjani. Hii ndo Kigoma bana.

MpitaNjia_Nyarugusu:
Mi nimefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu muda fulani, na nimekaa na watu wa kila upande wa haya maziwa. Maswali ya boti nayaelewa lakini swali langu mimi lina sura nyingine. Rwanda 1994 watu walikimbilia makanisani kwa sababu waliamini hapo hawataguswa, Ntarama, Nyarubuye, wakauawa humo humo, na waliowaua wengi wao walikuwa wamebatizwa. 2017 Papa aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake kwenye yale mauaji, nashukuru aliomba. Mi kutilia shaka kwangu hakukuanzia kwa Mungu, kulianzia kwa ubatizo. Kama maji yale hayambadilishi mtu hata asimkate jirani yake aliyekaa naye benchi moja, yanafanya nini hasa? Sijapata jibu, naenda ibada ya kwanza kila wiki nakaa karibu na mlango.

MchungajiBilaJina (Tabora):
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa kimyakimya. Mimi ni mchungaji, dhehebu si muhimu, na naandika bila jina kwa sababu ile ile ya SautiYaTatu, huku nako mji mdogo na waajiri wangu wapo humu. Nianze na la kwenu walimu wa kwaya: tunawaogopa watu wenye maswali. Mchungaji anapokuwekea mikono wakati umemuuliza swali, mara nyingi ni kwamba swali hilo analo yeye mwenyewe na hajawahi kuwa na pa kulipeleka. Chuo tulifundishwa kujibu mitihani, hatukufundishwa kukaa na mtu ambaye hajajibiwa.

Sasa la boti. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 12. Sisi wahubiri tunaipenda ile sura, Petro gerezani, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe, Petro anabisha hodi na binti Roda anasahau kumfungulia kwa furaha. Mahubiri matamu. Lakini tunaanzia mstari wa 3 au wa 5. Mstari wa 2 unasema Herode alimuua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja, umeisha. Yakobo huyu ni mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani na Yesu, si mtu wa pembeni. Mnadhani kanisa halikumwombea? Na mama yao Yakobo na Yohana tunamjua kwenye injili, ndiye aliyeenda kwa Yesu kuwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto. Siku Petro anasimulia malaika alivyomtoa, jiulizeni kama huyo mama alikuwa hai alikuwa amekaa benchi gani. Luka aliyeandika kitabu hicho hajaeleza kwa nini mmoja katoka na mwingine hakutoka. Hakuandika kwamba Yakobo alikuwa na imani ndogo. Hakuandika kwamba Mungu alihitaji ua. Ameziweka habari mbili sura moja akaziacha.

Waebrania 11 nako vilevile, mstari wa 34 kuna waliookoka na makali ya upanga, wa 37 kuna waliouawa kwa upanga, na wote wanasifiwa kwa imani moja. Na Yesu mwenyewe kwenye Luka 13 aliposikia watu wanapima dhambi za waliokufa aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Kwahiyo mahubiri ya "dagaa wamepotea kwa dhambi za mwaloni" yana kesi ya kujibu hapo.

La Yuda nitasema kifupi, wapo wanaounganisha kwamba alijinyonga kisha kamba ikakatika, wapo wanaosema ni mapokeo mawili yaliyosimulia kifo kimoja. Mimi niko na hao wa pili na bado nahubiri kutoka vitabu vyote viwili. Aliyekuambia hakuna herufi inayopishana alikubebesha mzigo ambao Biblia yenyewe haikukupa.

SautiYaTatu:
Mchungaji, hiyo Matendo 12 nimeisoma mara nne hapa nimekaa barazani. Imenishika. Lakini tuseme ukweli, haijajibu. Bado sijui kwa nini Petro na si Yakobo.

MchungajiBilaJina (Tabora):
Haijajibu. Na mimi sijui.

MlinziWaLango:
Mchungaji gani anasema sijui? Kondoo watalishwa nini?

MamaWawili_Kasulu:
Mlinzi wangu, mimi nililishwa "Mungu ana makusudi" mwaka mzima nikakonda. Huyo wa sijui nitamsikiliza Jumapili zote. Na wewe kaka HakunaKituJuu usifikiri tuko upande wako, ukija msibani kwangu ukaniambia "hakuna kitu, ni bahati mbaya tu" nawe utaonyeshwa mlango utoke, maana nawe utakuwa umekuja na jibu.

HakunaKituJuu:
😂😂 Mama nimekubali. Nitakuja na sukari ninyamaze.

MwaloniKibirizi:
Swali la kiutendaji kwa mwalimu wa kwaya. Jumapili ijayo utaongoza au huongozi? Maana huo wimbo wenu wa "umenitoa majini" tunaujua.

SautiYaTatu:
Nitaongoza. Yule baba wa kwenye Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na mwanae akaponywa siku hiyo hiyo, hakuambiwa arudi akishamaliza mashaka. Na hata Mathayo 28 mlimani, siku ya mwisho kabisa, walimsujudia lakini baadhi yao waliona shaka, na hao hao ndo wakatumwa kwa mataifa yote, hakuna palipoandikwa wenye shaka wabaki. Ila huo wimbo nauweka kando kwanza. Nimeshaanza kuandika sauti za Zaburi 88, tatizo ni mwisho, waimbaji wamezoea kumalizia na amina ya shangwe na hapa hakuna pa kuiweka. Na kuhusu ushuhuda nimemtumia katibu ujumbe, nimependekeza kabla ya mtu wa boti kupanda mbele yasomwe kwanza majina ya waliobaki majini, kanisa lisimame. Kasema ataupeleka kwa wazee.

MlinziWaLango:
Utaharibu ibada. Watu wanakuja kutiwa moyo wewe unawasomea majina ya marehemu.

MpitaNjia_Nyarugusu:
Mchungaji huko Tabora, umesema watu hawana pa kupeleka maswali. Kwako wanapeleka wapi?

MchungajiBilaJina (Tabora):
Alhamisi jioni baada ya vipindi vya kawaida tunabaki wachache, si mkutano rasmi na haupo kwenye matangazo. Sheria moja tu, mtu akiuliza hakuna kuombewa mpaka aombe mwenyewe kuombewa. Wanakuja wa madhehebu mengine pia, na kuna mmoja haamini kabisa, huyo ndo huwahi kufika kuliko wote.

MpitaNjia_Nyarugusu:
Mwezi ujao napita Tabora na treni nikielekea Dodoma. Nitakutafuta inbox unielekeze.

MchungajiBilaJina (Tabora):
Karibu. Chai ipo, kitafunwa kila mtu anakuja na chake.